Kusoma Kiingereza na Fasihi Yake: Mafunzo ya Kilima cha Makerere

Katika miaka ya 1950 kijana aliyepata nafasi ya kuingia chuo cha Makerere alikuwa mtu wa kutazamwa na kijiji kizima. Alipokwenda kuaga, wazee walimwuliza swali moja: "Mwanetu, unakwenda kusomea nini?" Aliyejibu kwamba anakwenda kusomea udaktari alishangiliwa, maana kila mtu ayajua maradhi. Aliyetaja kilimo au ualimu alieleweka upesi. Lakini yule aliyesema kwamba anakwenda kusoma Kiingereza na fasihi yake aliwaacha wazee wakitazamana. "Kiingereza si umekwisha kukijua? Na hadithi za Waingereza zitatulisha nini sisi?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Wazazi wengi waliuza ng'ombe au mavuno ya mwaka mzima ili mtoto apate kusoma, na mwenye kutoa mali yake ana haki ya kujua atapata nini. Hata leo mzazi ambaye mwanawe anachagua masomo haya huuliza vivyo hivyo. Kwa hiyo yafaa kueleza masomo haya ni kitu gani, yalifundishwaje katika chuo kile kilipokuwa kidogo, yana faida gani, na yana hatari gani kwa mtu asiyejihadhari.

CHUO CHENYEWE

Makerere ni jina la kilima katika mji wa Kampala, Uganda. Mwaka wa 1922 ilianzishwa hapo shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Baadaye masomo mengine yaliongezwa, kama vile udaktari, kilimo na ualimu. Wanawake wa kwanza walipokewa mwaka wa 1945. Mwaka wa 1949 chuo kilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na tangu hapo mwanafunzi wa Makerere aliweza kupata shahada ya London bila ya kuvuka bahari. Mwaka wa 1963 Makerere pamoja na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1970 kila kimoja kikawa chuo kikuu chenye kujitegemea.

Leo Makerere ina maelfu mengi ya wanafunzi. Siku zile walihesabiwa kwa mamia tu, nao walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja, na wengine Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi. Kijana wa Limuru aliweza kulala chumba jirani na kijana wa Bukoba au wa Blantyre.

Udogo huo ulikuwa na faida yake. Katika chuo kikubwa mwanafunzi mvivu aweza kujificha nyuma ya ukumbi mwaka mzima asijulikane. Katika chuo kidogo hana pa kujificha. Mwalimu amjua kwa jina na kwa mwandiko wake. Hukaa na wanafunzi wachache, huwasikiliza wakieleza maoni yao, na kila mmoja hutakiwa kuyatetea maneno yake mbele ya wenzake.

KUIJUA LUGHA NA KUISOMA LUGHA

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kusema Kiingereza vizuri hana haja ya kukisoma zaidi. Hilo ni kosa. Kila mtu ajua kula, lakini si kila mtu ajuaye jinsi chakula kinavyojenga mwili. Kadhalika mtu aweza kuisema lugha tangu utoto asijue jinsi inavyofanya kazi.

Mswahili asemapo "yeye amekuja" hakubainisha kama aliyekuja ni mume au mke. Mwingereza hulazimika kubainisha. Kiingereza nacho hutumia neno moja dogo mbele ya kitu kinachotajwa mara ya kwanza, na jingine mbele ya kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukijua. Kiswahili hakina maneno hayo mawili, na ndiyo sababu Waafrika wengi waliosoma sana bado huyakosea. Lakini Kiswahili kina ngeli, ambazo humshinda Mwingereza mwenye shahada tatu. Mwanafunzi anayeyalinganisha mambo haya hujifunza lugha mbili kwa pamoja, yaani ile ya kigeni na ile ya mama yake, ambayo hapo kwanza alikuwa akiisema bila ya kuifikiri.

Tena lugha ina historia. Mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, aliishinda Uingereza. Kwa muda mrefu tangu hapo wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na Kiingereza kikawa lugha ya wakulima na watumishi. Dalili zake zingali zikionekana. Ng'ombe akiwa malishoni huitwa kwa neno la kale la wachungaji, lakini nyama yake ikifika mezani huitwa kwa neno lililotoka katika Kifaransa, maana aliyemchunga hakuwa ndiye aliyemla. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Yeye mwenyewe husema "kitabu" na "elimu" kutoka Kiarabu, "meza" kutoka Kireno, na "shule" kutoka Kijerumani, na Kiswahili hakikuacha kuwa Kiswahili.

Mwaka wa 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi zijadiliwe mahakamani kwa Kiingereza, kwa kuwa raia hawakukijua Kifaransa. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Katika zama zizo hizo mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka wa 1400, alitunga hadithi zake kwa Kiingereza, ingawa Kifaransa na Kilatini ndizo lugha zilizoheshimiwa na wasomi. Kumbe lugha ambayo leo hutukuzwa katika nchi nyingi za dunia iliwahi kudharauliwa katika nchi yake yenyewe. Ilipata heshima kwa sababu watu wake waliitumia kwa kazi kubwa. Mwanafunzi wa Kiafrika anayelisoma jambo hili hana budi kujiuliza habari za lugha ya kwao.

KUSOMA KWA UANGALIFU

Sehemu kubwa ya masomo haya ni kusoma vitabu: mashairi, riwaya na michezo ya kuigiza. Lakini kusoma kwenyewe si kule kwa kupitisha wakati. Mwalimu mmoja wa Cambridge, I. A. Richards, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtungaji wala tarehe, akawaambia waandike maoni yao. Mwaka wa 1929 alitoa kitabu juu ya majibu yao. Wengi walikuwa vijana waliosoma sana, lakini walikosea mno. Walipokosa jina kubwa la kuegemea hawakujua la kusema. Wengine walidharau mashairi mema na kusifu yasiyo na maana. Tangu hapo vyuo vingi vilianza kuwafundisha wanafunzi kuyatazama maneno yenyewe yaliyo mbele yao, na vitabu vya Richards vilisomwa Makerere pia.

Njia hiyo haihitaji shairi la Kiingereza. Tutwae methali ambayo kila mtu aijua: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Msomaji wa haraka atasema kwamba maana yake ni kuwa mgeni asikae bure. Ni kweli, lakini bado hajasoma. Kwanza atazame neno lililochaguliwa. Methali haikusema "mwambie afanye kazi". Ilisema "mpe jembe". Kazi haishikiki, lakini jembe lina mpini na uzito, na mwenye kupewa hawezi kusema kwamba hakuelewa. Pili aulize ni nani anayeambiwa. Si mgeni, bali ni mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeshauriwa asione haya. Tatu afikiri jembe ni chombo cha nani. Ni chombo cha watu wa nyumbani. Basi anayempa mgeni jembe hamfukuzi, bali amekwisha kumhesabu katika watu wake. Methali iliyoonekana kuwa ya ukali sasa yaonekana kuwa ya ukaribisho pia, na mambo yote mawili yamo katika neno moja.

Hayo ndiyo masomo ya fasihi kwa ufupi. Asemalo mtungaji ni swali la mwanzo tu. Baada yake huja mengine: kwa nini ametumia neno hili na si lile? Nani asema na nani asikia? Ni jambo gani limeachwa bila kutajwa?

INSHA NA USHAHIDI

Baada ya kusoma, mwanafunzi huandika insha. Mathalani huulizwa: Je, Brutus, aliyemwua rafiki yake Kaizari katika mchezo wa Shakespeare, alikuwa mwungwana au mpumbavu? Hapana jibu moja la kukariri. Mwanafunzi hutakiwa kuchagua upande, kuuthibitisha kwa mambo yaliyomo katika mchezo wenyewe, na kulijibu kwa adabu neno la mtu wa upande wa pili. Anayesema tu kwamba mtaalamu fulani wa London aliandika hivi au vile hupewa alama chache.

Katika mchezo huo mna funzo ambalo kila raia anafaa kulijua. Brutus awaeleza watu kwa maneno machache kwa nini Kaizari ameuawa, nao wakubali. Kisha Antony apewa ruhusa ya kusema mazishini. Hamtukani Brutus hata kidogo, amsifu. Lakini airudia sifa ile ile mara kwa mara, na kila mara aweka kando yake tendo jema la Kaizari, hata sifa yenyewe yageuka kuwa tusi, na umati waondoka hapo ukachome nyumba za watu. Mtu aliyeuchambua mchezo huo neno kwa neno hawezi tena kwenda mkutanoni na kubebwa na kila msemaji mwenye ulimi mtamu.

KUTOKA KUSOMA HADI KUTUNGA

Wanafunzi wa Makerere hawakutosheka na kusoma kazi za wengine. Mwaka wa 1958 lilianzishwa katika Idara ya Kiingereza gazeti dogo lililoitwa Penpoint, ambamo wanafunzi walichapisha hadithi na mashairi yao. Mwaka uliofuata aliingia chuoni kijana wa Limuru aliyeitwa James Ngugi. Siku moja alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na kazi katika gazeti hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi, je, angependa kuitazama? Kwa kweli hakuwa ameandika hata neno. Baada ya kusema hivyo haya ilimshika, ikambidi akaiandike. Kijana huyo ndiye aliyejulikana baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, akawa mmoja wa watungaji mashuhuri wa Afrika hata alipofariki mwaka wa 2025.

Wengine nao walijitokeza. David Rubadiri wa Nyasaland, aliyesoma hapo katika miaka ya 1950, alijulikana kwa mashairi yake, na mwaka wa 1964 akawa balozi wa kwanza wa Malawi katika Marekani. Mwaka wa 1965 David Cook, mwalimu wa Kiingereza chuoni, alikusanya maandishi ya wanafunzi na kuyatoa katika kitabu kimoja. Maandishi hayo yalikuwa juu ya mashamba, mito, ndoa na ugomvi wa nyumba za Afrika ya Mashariki. Waliofundishwa kuwatazama Waingereza kwa makini walikuwa wameanza kujitazama wenyewe.

HATARI YA MASOMO HAYA

Hata hivyo si haki kutaja faida na kuficha hasara. Orodha ya vitabu vya Makerere ya siku zile iliandamana na historia ya fasihi ya Uingereza, tangu Shakespeare na Milton hata washairi wa karne ya 20. Afrika ilionekana kwa nadra, na ilipoonekana ilitazamwa kwa macho ya mgeni, kama katika kitabu cha Joseph Conrad juu ya Kongo. Conrad mwenyewe hakuzaliwa Mwingereza. Alikuwa Mpolandi aliyejifunza Kiingereza akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, na Ngũgĩ alizisoma kazi zake kwa bidii zaidi kuliko za wengine wengi.

Hatari ilikuwa kwamba kijana angeweza kukaa miaka mingi akijifunza kusifu maua ya Uingereza ambayo hajayaona, huku akisahau jina la mti ulio mlangoni pa mama yake. Mnamo Juni 1962 watungaji wa Afrika walikutana Makerere, miongoni mwao Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria. Ulikuwa mkutano wa maana sana, lakini ulikuwa wa wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili, aliyefariki mwezi huo huo katika Tanganyika, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo.

Jambo hilo lilileta mabishano makubwa. Achebe alishikilia kwamba Kiingereza chaweza kufinyangwa hata kikachukua mambo ya Kiafrika. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika katika chuo cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake pawekwe idara ya fasihi ambayo kitovu chake ni Afrika, ikiwa na masimulizi ya wazee pamoja na maandishi. Walishinda, na mafundisho ya Nairobi yakabadilishwa. Ngũgĩ alikwenda mbali zaidi: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alitunga michezo na riwaya zake kwa Kikuyu.

Julius Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere tangu mwaka wa 1943 hata 1945, alishika njia nyingine. Akiwa Rais wa Tanganyika, mwenye kazi zisizokwisha, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilipigwa chapa mwaka wa 1963, na mwaka wa 1969 ikarudiwa kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi. Hakuwa akitaka kuonyesha ujuzi wake wa Kiingereza. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kina nguvu ya kuchukua mawazo mazito ya mtu yeyote duniani.

MASHAURI KWA MWENYE NIA

Kijana anayetaka kuyasoma masomo haya na ayashike mambo machache. Asome kila siku, hata kurasa kumi tu, maana haba na haba hujaza kibaba. Akisome kitabu chenyewe kabla ya kusoma maoni ya wengine juu yake. Awe na daftari ya maneno mapya, lakini asitumie neno gumu mahali ambapo jepesi latosha. Kiingereza cha mbwembwe ni alama ya mtu asiyekijua. Kila aandikapo jambo, ajiulize ushahidi uko wapi. Na kwa kila kitabu cha kigeni akisomacho, asome au asikilize jambo moja la kwao: utenzi, hadithi ya bibi, au hotuba ya mzee katika baraza. Mwacha mila ni mtumwa, hata akiwa na shahada.

Sasa lirudiwe swali la wazee: hadithi hizo zitatulisha nini? Siku moja italetwa kijijini karatasi ya Kiingereza juu ya ardhi, au mkopo, au mkataba wa kuuza mazao. Wengi wataona maneno mazuri na kutafuta kalamu ya kutia sahihi. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa uangalifu ataona kwamba mahali fulani hapakuandikwa "mtalipwa", bali "mnaweza kulipwa", na kwamba jambo lililoahidiwa kwa mdomo halikutajwa popote. Atawaambia wazee waweke kalamu chini kwanza. Siku hiyo neno moja laweza kuokoa shamba zima, na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo atakuwa amerudi zizini pamoja na ndama wake.

Kiingereza kilikuja Afrika ya Mashariki kama mgeni, nacho kimekaa zaidi ya siku mbili. Methali imekwisha kutoa shauri lake: na kipewe jembe, kilime katika shamba la wenyeji.